Marakuja Kwenye Kopo la Mafuta

Wenzangu mliokulia kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, miaka ile ya vita vya Kongo, mnakumbuka kwamba hakuna mtu aliyepanda kitu kinachozidi miezi mitatu? Lengalenga, ndiyo. Maboga, ndiyo. Maharage machache nyuma ya choo, sawa. Lakini mti? Ukionekana unapanda mti, watu walikuangalia kama mtu aliyekula kiapo cha kutorudi nyumbani. Kila nyumba ilikuwa na mfuko wake nyuma ya mlango, umefungwa tayari: nguo za safari, karatasi, sufuria moja. Kila mwaka tuliambiana, "Noeli hii tuko Uvira," na kila Noeli ilitukuta palepale kwenye vumbi jekundu, tukila nsima, ugali wa huku, na kuisema vibaya kwa sababu haikuwa na unga wa muhogo ndani.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu. Mimi Mapendo, kifungua mimba, nilikuwa na miaka kumi na minne tulipofika. Bahati alikuwa na tisa. Riziki alikuwa na minne, na huyo nilimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia, ingawa hadi leo anashikilia kwamba alitembea. Baba na Mama tuliwaacha kwenye udongo wa Uvira. Shule niliiachia darasa la sita; mchana nikajifunza cherehani kwa fundi mmoja wa kwetu, jioni nikawa mwenye nyumba. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Wengi wetu tulikuwa hivyo, na tulicheka sana.

Mnakumbuka upepo wa mwezi wa saba, baridi inapenya matofali ya udongo, na watoto tumejipanga kwenye ukuta upande wa jua kama mijusi? Mnakumbuka bomba la maji? Ndoo ndizo zilizopanga foleni, wenyewe tulikwenda kuruka kamba, na ole wake aliyesogeza ndoo ya mwenzake. Mpira ulikuwa mifuko ya plastiki iliyoviringishwa ikafungwa kamba, na mwenye mpira ndiye aliyeamua nani anacheza, hata kama yeye mwenyewe hakujua kupiga. Na makopo ya mafuta ya mgao! Mafuta yakiisha, kopo lilianza maisha mapya: kikombe, taa, kipimo cha chumvi, gari la kuvuta kwa kamba. Sijawahi kuona kopo limetupwa Dzaleka miaka ile.

Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kumkumbuka Mama kwa niaba ya Riziki. Yeye hakukumbuka chochote, hata sauti. Basi jioni, maharage yakichemka, nilimsimulia. Nilimwambia Mama alipiga mluzi akikaanga ndagala, na ukisikia mluzi umekoma ujue samaki wameiva. Riziki alinikazia macho.

"Mwanamke anapigaka mluzi?"

"Mama alipiga."

"Ni kweli," Bahati akasema. "Mi nilisikia."

Lakini Bahati hakuwa shahidi wa kutegemewa. Wiki ileile alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba bomba letu linavuta maji kutoka ziwa Tanganyika, na akivuta kwa nguvu atatoa samaki. Mtoto alivuta hadi mikono ikaota malengelenge.

Jioni nyingine nikamsimulia marakuja ya Mama, pasheni kama wengine wanavyoiita, iliyotambaa juu ya mlango wa jiko letu. Nikamwelezea ua lake: chini majani meupe yametandazwa kama sahani, juu yake nyuzi nyingi za zambarau zilizojikunja nchani, katikati kijiti kimesimama kikiwa na nyundo tano ndogo, na juu ya nyundo misumari mitatu.

"Maua iko na nyuzi?"

"Ndiyo."

"Na misumari?"

"Ndiyo, mitatu."

"Yaya, we unadanganyaka," akaniambia mimi dada yake mkubwa kwa upole, kama mtu mzima anayemhurumia mgonjwa, akaendelea kula.

Usiku ule sikupenda jinsi alivyosema. Niliona njia inavyoelekea. Ua likiwa la uongo, mluzi nao ni wa uongo, na baada ya mluzi anabaki Mama mwenyewe, naye atakuwa hadithi ya Yaya tu, kama samaki wa bomba. Asubuhi nikamwambia, "Nitakuonyesha hilo ua. Kwa macho yako."

Laiti ningejua kazi niliyojipa.

Tunda la kwanza nililipata Lumbadzi, kwa mwanamke aliyeuza pembeni mwa barabara. Lilikuwa laini na linang'aa, nikalihifadhi, kwa maana Mama alikuwa akisema, "Acha kwanza ikunje uso kama koko yako," yaani bibi yangu. Lilipokunja uso tulilikata, tukanusa wote watatu kabla ya kuonja, tukagawana vijiko. Mbegu nikazianika juani siku nne, kama mtu anavyoanika mahindi, nikazipanda. Tulimwagilia miezi miwili. Palipoota nyasi tu, Riziki alizitazama akauliza kama ndilo ua lenyewe: "Yaya, njo hii?"

Kwa tunda la pili nikakaa chini, nikajaribu kuiona mikono ya Mama ilivyokuwa ikifanya. Nikakumbuka kikombe dirishani chenye harufu ya togwa. Ndipo nikajua: hakuzianika. Alikuwa akiziacha ndani ya uteute wake na maji kidogo siku tatu hadi uchachuke, kisha anazisugua kwa mchanga hadi zisiteleze tena, na kuzipanda siku hiyohiyo zingali mbichi. Nikafanya vile. Wiki ya tatu zikachomoza nane. Kuku wa jirani yetu Mama Neema wakala saba.

Huo mche wa nane niliupanda kwenye kopo la mafuta, nikatoboa chini kwa msumari. Si kwamba ardhi haikuwepo. Ardhi ilikuwepo, tena nzuri, chini ya ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Lakini ningepandaje ardhini? Tulikuwa tunaondoka. Marakuja ilibidi iwe tayari kama mfuko wetu nyuma ya mlango: siku tukiitwa, nainua kopo, tunakwenda nayo. Majirani wote waliona nimefanya jambo la akili.

Ukatambaa kwenye uzi hadi usawa wa dirisha, hapo ukachoka. Mwaka ukapita. Majani yakawa ya manjano, vikono vyake vikashika uzi tu bila kwenda popote. Mama Neema, ambaye alikuwa mtu wa Bukavu na hivyo alijua kila kitu, alikuja kila asubuhi na shauri jipya. Mara nimwage maji ya kunawia, mara maganda ya mayai, mara nisiusemeshe sana.

"Mapendo, hii si marakuja," akasema siku moja, mikono kiunoni. "Hii ni kamba ya kuanika nguo. Aliyekuuzia alikucheza."

"Itachanua, Mama Neema."

"Ndevu zangu njo zitaanza kuchanua."

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Riziki alicheka kuliko wote, na hicho ndicho kilichoniuma.

Fundi wangu alikuwa akinituma Lilongwe, soko la Area 25, kuchukua nyuzi na vifungo. Nilidandia matola, pikapu za mizigo na watu, na kurudi nilitembea hadi Kanengo kusubiri nyingine. Msimu wa mnada, hewa yote ya Kanengo ilinuka tumbaku, tamu na kali, hata sandwichi ungeila ungehisi umevuta. Asubuhi moja nikipita kando ya ghala, niliona ua la Mama kwenye waya wa uzio. Halikuwa moja. Yalikuwa ishirini, thelathini, nyuzi zimekunjana, misumari imesimama, nyuki weusi wakubwa wanaingia na kutoka kama wafanyakazi wa zamu.

Nilisimama na mzigo wangu kichwani hadi mlinzi akatoka. Alikuwa mzee mfupi, mtu wa Karonga, aliyewahi kufanya biashara mpakani, kwa hiyo alijua Kiswahili.

"Unataka nini? Tumbaku haiuzwi hapa."

"Ninaomba ua moja, baba."

"Ua! Watu huomba matunda."

"Mdogo wangu haamini kama lipo."

Akacheka, akakata moja, nikaliweka kwenye mfuko wa vifungo na kulishika kama yai njia nzima. Lakini ua la marakuja, wenzangu, linafungua alfajiri na adhuhuri limeshafunga, na likifunga halifunguki tena. Nilipofika Dzaleka saa nane na kumwita Riziki, nilitoa mfukoni kitu kimejikunja, kimelowa, kimelegea. Akakigeuza kwa kidole.

"Njo ile maua?"

"Lilikuwa limefunguka."

"Inafanana na kitambaa ya kufutia mafua," akasema, kisha, kwa sababu alikuwa na moyo mzuri, akaongeza, "Basi, Yaya. Haina neno. Mi sikukasirika."

Safari iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwa yule mlinzi, nikamweleza yote: mbegu, kuku, kopo, miezi kumi na minane bila hata tumba moja.

"Kopo lenyewe likoje?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

Akaangalia juu, akaangalia pembeni, akapiga paja. "Dzaleka si ndiko palikuwa jela? Wafungwa wameshatoka, sasa wewe umefunga mti! Mizizi yake inazunguka mle ndani inatafuta mlango. Utachanua kwa furaha gani? Ufungulie, mwanangu. Chimba shimo hadi magoti. Weka samadi ya mbuzi ya zamani na majivu kidogo. Ya kuku usizidishe, utapata majani ya kulisha kijiji. Baridi ikiisha, punguza matawi. Maua yanatoka kwenye matawi mapya."

"Siwezi kuupanda chini, baba. Sisi tunarudi nyumbani."

"Lini?"

"Noeli."

"Noeli ipi?"

Nilikuwa nimeshona sare za watoto, nilikuwa nimewazika wazazi, nilikuwa najua kukadiria kitambaa kwa macho, lakini Noeli hiyo sikuweza kuikadiria. Nikasema zikomo, asante ya huku, nikachukua mzigo.

Wiki zile zile, vita vya pili vikaanza. Tulivisikia kwanza kwenye redio ya Mama Neema, halafu tukaviona kwa miguu: watu wapya wakishuka kutoka kwenye malori na vifurushi, wengine kutoka mitaa ileile tuliyokuwa tukiitaja kila jioni. Mmoja aliniambia jiko letu halina tena paa. Sikuuliza juu ya mlango.

Jumamosi asubuhi nikaazima jembe. Bahati akanisaidia kukata kopo kwa kisu, na kweli, mizizi ilikuwa imejizungusha duara juu ya duara, ikachukua umbo la kopo lenyewe. Tukachimba hadi magoti ya Bahati, kwa sababu yangu yalikuwa mbali. Mama Neema akasikia mlio wa jembe, akatoka, akasimama. Majirani wengine wakasimama.

"Mapendo," akasema, na safari hii hakutania. "Kumbe umeamua kuzeekea hapa?"

"Nimeamua uchanue."

"Na mkiitwa kesho?"

"Tutauacha, Mama Neema. Ule wa Mama tuliuacha pia."

Alirudi ndani. Nilijua maneno yatakayosemwa kwenye bomba: yatima wa Uvira wamekata tamaa. Nilifukia shimo, nikakanyaga udongo, nikaukanyaga tena na tena, kwa maana kumwonyesha Riziki kitu kimoja cha nyumbani ilibidi nikubali kwamba hatuendi nyumbani.

Basi mmea wenyewe ukanidhalilisha. Wiki mbili ukaangusha majani yote. Kisha mvua zikaja, nao ukakumbuka kazi yake, ukapanda ukuta, ukavuka paa la nyasi, ukaanza kumtafuta Mama Neema upande wa pili. Yeye, kwa aibu ya wale kuku wake, alikuwa akimwaga samadi yao kwenye shina kila jioni bila kuniambia. Tulipata majani! Kijani kama cha rangi ya duka, bila tumba hata moja. Nilipogundua, nilimwomba aache. Akasema, "Mi nasaidiaka tu." Mwezi wa nane, baridi ilipolegea, nikachukua mkasi wa fundi na kupunguza matawi. Wapita njia waliuliza kama nimepata wazimu: miaka miwili unausubiri, leo unaunyoa kichwa.

Mwezi wa kumi, kwenye matawi mapya, yakatokea matumba kama ncha za vidole. Riziki alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka. Alipita chini yake kila siku bila kuangalia juu. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha.

Asubuhi ya Jumanne, saa moja na nusu, baada ya kumsukuma aende shule, nilitoka na ndoo, nikaliona. Limefunguka. Moja tu, juu ya mlango wetu, nyuzi zingali na umande.

Mimi, niliyeacha shule, sikuwahi kuwaruhusu wadogo zangu kukosa somo hata moja. Hata wakiwa na homa niliwapeleka, nikawaambia wataugua Jumamosi. Siku ile nilikimbia na kanga ya jikoni hadi darasani. Watoto mia moja na zaidi wamekaa sakafuni. Mwalimu akageuka. Sikujua niseme nini, nikasema, "Samahani, mwalimu. Ninamwomba Riziki. Tuna mgeni nyumbani."

Mnajua neno lile lilikuwa na maana gani kwetu. Mgeni alikuwa mtu aliyedhaniwa amekufa akapatikana. Mgeni alikuwa mjomba aliyepita Zambia kwa miguu. Mwalimu akaweka chaki chini, akasema kwa sauti ndogo, "Nenda, Riziki, nenda mbio." Na mimi, mjinga, sikurekebisha.

Tulipokuwa tukikimbia habari ilitupita. Tulipofika mlangoni, Mama Neema alikuwepo na kigoda chake na thermosi ya chai, amejifunga kitenge cha ibada. Nyuma yake watu kumi na kitu. Mwingine ameleta kiti kwa ajili ya mgeni.

"Iko wapi?" Mama Neema akauliza, akichungulia ndani. "Ni nani? Ni wa upande wa baba ao wa mama?"

Nikanyoosha kidole juu ya mlango. "Wa upande wa mama."

Kichwa kimoja kimoja kikainuka. Nilingoja matusi, na nilistahili. Mama Neema aliangalia ua, akaniangalia mimi, akaangalia thermosi.

"Mapendo," akasema, "nimevaa nguo ya kanisa ya Dimanshi kwa sababu ya marakuja?"

Kisha akaanza kucheka, cheko la Bukavu lisilo na breki, na wote wakacheka, na kwa kuwa alikuwa ameshaleta kigoda akakaa chini ya ua na kumimina chai. Wakapokezana kikombe, wakianza kutajiana miti iliyobaki kwenye nyua zao za kule nyumbani: parachichi la fulani, mlimau wa fulani.

Riziki hakucheka. Bahati alimpandisha mabegani. Alisogeza uso hadi pua ikagusa nyuzi, akahesabu kwa sauti, taratibu kama darasani: nyundo, moja hadi tano, misumari, moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. Halafu akanigeukia, ana unga wa manjano puani.

"Basi alikuwa anapigaka mluzi kweli."

Akakunja midomo ajaribu. Kwa lile pengo la meno hakutoka mluzi, yalitoka mate tu, juu ya kichwa cha Bahati.

Wiki ile Mama Neema aliomba mbegu. Mwaka uliofuata ukitembea Dzaleka uliona marakuja kwenye kuta nyingi, na maparachichi pia, na watu wakilalamika ya nani imevuka kwa nani. Mifuko nyuma ya milango haikufunguliwa. Tulijifunza tu kwamba mtu anaweza kufunga mfuko na kuchimba shimo siku ileile.

Leo Riziki anaishi Area 25 na mume na watoto, Bahati yuko mbali zaidi, mimi bado nipo na cherehani yangu. Marakuja haiishi muda mrefu. Huu ulio juu ya mlango wangu ni wa tano, wote nimeotesha kwa kikombe na mchanga. Watoto wa Riziki wakija, wanashuka kwenye kabaza, pikipiki za abiria, simu mkononi. Juzi binti yake mkubwa aliinua simu, akapiga picha ya ua, akaingia ndani kabla sijamaliza kumsalimia. Nikamwambia, "Njoo uliangalie, litafunga saa sita." Akajibu, kwa heshima zote, "Nimeshaipata, Mama Mkubwa, iko hapa." Na ni kweli iko pale, nzuri, nyuzi zote zinahesabika. Sisi tulisubiri miaka mitatu kwa asubuhi moja. Wao wanayo yote, saa yoyote. Siwaonei wivu na siwalaumu. Ila picha ile haifungi adhuhuri, na kitu kisichofunga sioni nani atakayetolewa darasani mbio kwa ajili yake.

Mchana wa siku ile ya picha Riziki alikuwa jikoni kwangu akikaanga usipa, wale samaki wadogo wa hapa waliochukua nafasi ya ndagala zetu. Nilikaa kwenye cherehani, mgongo nimempa. Nilijua wameiva, kwa sababu mluzi ulikoma.